Maji ya Mkonge, Rangi ya Ngozi

Mwaka 1962 watafiti wawili, McKenzie na Stoughton, walichapisha namna rahisi ya kupima nguvu ya dawa za ngozi. Walichukua steroidi mbalimbali, wakaziyeyusha katika alkoholi, wakatia matone kwenye mikono ya watu waliojitolea na kuifunika kwa plastiki. Baada ya saa kadhaa wakafunua, wakaangalia. Pale dawa ilipofanya kazi, mishipa midogo ya damu ilikuwa imejibana na ngozi imegeuka nyeupe. Dawa iliyoleta weupe mwingi zaidi ndiyo iliyohesabiwa kuwa na nguvu zaidi. Hakukuwa na mashine, ni mkono na macho tu.

Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Weupe wake ni wa muda mfupi, ni damu iliyosogea kando, rangi yenyewe iko palepale. Hata hivyo naomba ukae nalo kidogo jambo hili, hasa kama umekulia Mombasa kama mimi: dawa kali kuliko zote za ngozi zilipangwa daraja kwa kuangalia zinavyogeuza ngozi kuwa nyeupe. Halafu pita Mji wa Kale, toka Ndia Kuu uingie Kibokoni, uteremke mpaka Marikiti, na usome maandishi kwenye vijikasha vilivyopangwa nyuma ya kioo pamoja na udi, hina na manukato ya Dubai. Betamethasoni. Klobetasoli. Herufi ni ndogo, lakini zimo.

Hayo nimeyafuatilia kwa miezi kadhaa, na sababu yake nitaisema mbele. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa pili, sina shahada ya kitu chochote, ila nasoma kwa ukaidi. Nikaanzia mbali kidogo, London, mwaka 1855.

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, mfano wa kofia iliyowekwa upande. Uzito wake ni gramu chache tu. Wataalamu waliziona zamani, lakini hakuna aliyejua kazi yake mpaka Thomas Addison, daktari wa Hospitali ya Guy's, alipochapisha kitabu kidogo kuhusu wagonjwa waliokuwa wakidhoofika pasi na sababu. Walikuwa hawali, wanatapika, mapigo ya moyo ni hafifu, na mwisho wanafariki. Alipowapasua alikuta tezi hizo zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Lakini alama iliyomfanya awakusanye wagonjwa hao pamoja ilikuwa nyingine. Walikuwa wamebadilika rangi. Waingereza weupe walikuwa wamegeuka weusi, wengine kiasi kwamba mtu asiyewajua angewadhania ni wa asili nyingine.

Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye sana. Tezi za adrenali hutengeneza homoni ya kortisoli, na kazi hiyo huamriwa na tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, pituitari. Kortisoli ikipungua, pituitari hupiga kelele: hutuma homoni ya amri kwa wingi. Homoni hiyo ya amri na ile inayochochea rangi ya ngozi ni ndugu, zimekatwa kutoka protini moja. Kwa hivyo kelele za kudai kortisoli zinasikika pia kwenye ngozi, nayo inaitikia kwa kuongeza weusi. Homoni ikikosekana mtu huwa mweusi. Ikipakwa kwa wingi kutoka nje, mtu huchujuka. Habari ya tezi hizi imekuwa habari ya rangi tangu mwanzo wake.

Na ilikuwa habari ya rangi ya Wazungu. Ugonjwa wa Addison kwetu haumwambii daktari kitu kwa kumtazama mgonjwa usoni. Inabidi afunue midomo aangalie fizi, aangalie mistari ya viganja na makovu mapya, aulize jamaa kama mtu wao amezidi weusi. Kifua kikuu bado kiko nasi, kwa hivyo ugonjwa huu si wa vitabuni tu, ila ni rahisi mno kumpita mtu akapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Kuna Mmarekani mmoja maarufu aliyekuwa nao. Tom Mboya alipokwenda Hyannis Port Julai 1960 kuomba msaada wa ndege za kuwapeleka wanafunzi wetu Marekani, aliyemkaribisha, John F. Kennedy, alikuwa akiishi kwa vidonge vya kortizoni. Aligunduliwa ugonjwa huo London mwaka 1947. Ule wekundu wa jua uliowavutia wapiga kura ulikuwa na sababu nyingine zaidi ya jua. Watu wake waliyaficha hayo kwa bidii. Kama si dawa hiyo huenda asingefika kwenye mazungumzo yale, na baadhi ya wazee wetu wasingepanda ndege zile. Hili naliweka hapa kwa sababu linanifurahisha tu.

Sasa dawa yenyewe. Tarehe 21 Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo kule Minnesota, Philip Hench alimdunga sindano mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na baridi yabisi. Alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani bila shida. Baada ya siku chache akatembea, na haukupita muda akaenda zake madukani. Dunia ikapigwa na butwaa. Mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel.

Tatizo likawa ni kuipata. Kortizoni ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Merck kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 za kemia, na gramu moja iliuzwa dola 200. Ng'ombe wote wa machinjioni ya Marekani wasingetosha. Ndipo wataalamu wakageukia mimea, na hapo ndipo Afrika inapoingia.

Kwanza waliwinda *Strophanthus*, jamii ya mimea ambayo mbegu zake zilitumika kwa sumu ya mishale. John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa ameijua sumu hiyo zamani, akiwa na Livingstone huko Zambezi. Inasemekana mswaki wake ulichanganyika na sumu mfukoni, akashangaa moyo wake unapiga polepole. Mwaka 1949 misafara ilitumwa Afrika kutafuta mbegu za aina moja ya mmea huo ambazo zingeweza kugeuzwa kortizoni. Walihangaika sana na mavuno yakawa haba. Wakati huohuo Mexico ilikuwa na viazi vyake vya porini, na kampuni ya Syntex ilikuwa imeshavishika. Uingereza baada ya vita haikuwa na dola za kununulia. Ilichokuwa nacho ni makoloni.

Na makoloni yalikuwa na mkonge.

Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba ya Tanganyika, halafu ya Kenya: Thika, Taveta, Mwatate, na huku pwani Vipingo na Kilifi. Ukipanda matatu ya Malindi utayaona, mistari iliyonyooka mpaka inaumiza macho. Katani ya Kenya ilishuka Kilindini na kupanda meli, ikawa kamba na magunia ya dunia.

Lakini katani ni sehemu ndogo ya jani, kama asilimia 4 hivi ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi. Jani linapita kwenye mashine kubwa inayolipura na kulikwangua. Wafanyakazi wa Tanga waliiita korona, jina walilolikuta kwenye mashine za Kijerumani. Maji ya kijani yenye povu hutiririka kwenye mitaro na kunuka kwa umbali mrefu. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge ujana wake wote, katika shamba nisilolitaja. Alikuwa akihesabu majani 30 kwa kila fungu. Alichokuwa akikisimulia zaidi, kuliko hata ule mshahara, ni muwasho. Maji ya mkonge yana vijisindano vidogo vya chumvi ya oksaleti visivyoonekana kwa macho, vinachoma ngozi. Mikono yake ilikuwa na mabaka hadi alipokufa.

Mwaka 1951 wanasayansi watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba makapi hayo ya mkonge wa Afrika Mashariki ni chanzo kizuri cha hekojenini. Cornforth ni yule kiziwi aliyekuja kupata Nobel yake mwenyewe mwaka 1975. Hekojenini ni steroidi ya mmea, na uzuri wake ni huu: kortizoni inahitaji oksijeni kwenye kaboni ya 11, mahali pagumu sana kufikiwa na mkemia. Mkonge umeshaiweka kwenye kaboni ya 12. Inabaki kuisogeza chumba kimoja tu. Maji ya mkonge yaliachwa yachachuke siku kadhaa, mashapo yakatuama, yakachemshwa na asidi, yakakaushwa, yakasafirishwa. Kampuni ya Glaxo ilijenga juu ya unga huo biashara yake ya steroidi, na kutokana na hekojenini ikatengeneza betamethasoni.

Kumbuka mwaka 1962 na ile mikono iliyofunikwa plastiki. Betamethasoni ilijaribiwa kwa umbo baada ya umbo kutafuta lipi linaleta weupe mwingi zaidi. Lililoshinda liliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina Betnovate. Miaka kumi baadaye ilifuata Dermovate, yaani klobetasoli, ambayo nguvu yake kwa kipimo hicho ni mamia ya mara zaidi ya haidrokotizoni ya kawaida.

Basi maji yaliyomwasha babu yalikwenda Uingereza yakawa dawa ya kuondoa muwasho. Kama angeipata angepona. Hakuna aliyempelekea.

Sitaki nieleweke vibaya. Dawa hizi ni miongoni mwa neema kubwa za karne iliyopita. Mtoto mwenye pumu anapumua kwa ajili yake. Mwenye ukurutu analala usiku. Mei 2020 Serikali iliufunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, hii nyingine. Tulikaa karibu mwezi mzima ndani ya vizuizi, Idi ikatukuta humo, na wazee walikuwa wanatoka kwa gari la wagonjwa na wengine hawarudi. Vizuizi viliondolewa mwanzoni mwa Juni. Tarehe 16 mwezi huohuo watafiti wa Oxford wakatangaza dawa ya kwanza iliyothibitika kupunguza vifo: deksamethasoni. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi. Ilikuwa tayari kwenye kila duka la dawa Mombasa, vidonge vya bei ya chai na mahamri, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1977. Ndugu yake wa damu wa krimu za kujichubua.

Tabia ya kujichubua ni ya zamani kuliko steroidi. Mwanzo ilikuwa zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la *British Medical Journal* kuhusu wagonjwa wa figo waliokuwa wamevimba mwili, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za zebaki. Zebaki ilipoanza kuogopwa ikaja haidrokwinoni, halafu steroidi, halafu zote kwa pamoja kwenye kopo moja, na hiyo ndiyo mkorogo. Mwaka 1998 Shirika la Viwango la Kenya lilitoa orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku, vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Orodha ni ndefu na majina yake mengi nayajua kwa sura, maana nimeyaona kwenye meza ya kujipambia nyumbani kwetu nikiwa mdogo.

Mamangu hukasirika watu wakisema mkorogo ni utamaduni wa Waswahili. Ana haki. Bibi harusi wa Mji wa Kale alikuwa anasingwa kwa singo, anapakwa liwa, anafukizwa udi, somo wake amekaa naye siku nzima. Lengo lilikuwa ngozi laini inayonukia. Lakini na mama naye akubali kwamba katika nyimbo na maneno ya nyumbani "mweupe" lilikuwa sifa, na "mweusi" mara nyingi lilifuatiwa na "lakini". "Mweusi lakini ana sura." Mkoloni alikuta neno hilo lipo, akaliongezea bei. Muuza krimu akaja kulivuna.

Sasa ile sababu niliyosema nitaisema mbele. Binamu yangu, ambaye amenikubalia niandike kwa sharti nisimtaje, alianza kupaka miezi mitatu kabla ya harusi yake. Alinunua duka moja la uchochoroni, mwenye duka akamchanganyia mwenyewe kwenye bakuli, tyubu mbili za hii na moja ya ile na losheni juu yake. "Hino si dawa, mwanangu, ni krimu tu," alimwambia. Harusi ikapita, akaendelea. Ukiacha, rangi inarudi, na inarudi kwa hasira. Miaka mitatu alikuwa akipaka mwili mzima, asubuhi na usiku.

Karatasi ya klobetasoli inasema isizidi gramu 50 kwa wiki, wala isipakwe zaidi ya wiki mbili mfululizo. Ngozi inayopakwa zaidi ya hapo hupungua unene, mishipa ikaonekana, ikachanika michirizi mapajani na mikononi. Ukiipaka usoni, chunusi. Ukiipaka juu ya fangasi, fangasi hujificha na kutambaa. Karibu na macho, huleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Halafu huingia ndani. Damu ikishajaa steroidi ya nje, pituitari hunyamaza, na tezi za adrenali zisizoamriwa hulala na kusinyaa. Mtu huanza kuonekana kama wale aliowaeleza Harvey Cushing mwaka 1932: uso mviringo kama mwezi, tumbo kubwa na miguu myembamba, sukari na presha kupanda. Mtaani kwetu binamu alisifiwa. Amenawiri, mume anamtunza.

Mwaka jana alipoona michirizi imefika shingoni aliogopa. Akakusanya makopo yote akayatupa siku moja. Uamuzi mzuri, tulimpongeza. Siku ya nne hakuweza kusimama. Alitapika, akasema mwili wote unamuuma, tukadhani ni mimba, tukadhani ni malaria, shangazi akadhani ni kijicho na akaanza kusoma. Alizimia chooni. Hospitalini presha ilikuwa chini mno na sukari vilevile. Ni daktari kijana, sidhani ananizidi umri, aliyemfunua mkono akaona ngozi inavyong'aa kama karatasi ya nailoni, akainama akamuuliza taratibu, "Dada, unapaka nini?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Tulikuwa tumetaja dawa zote alizomeza. Krimu haikuwa dawa.

Walimwekea maji na haidrokotizoni kwenye mshipa, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili alikuwa ameketi anaomba chai. Nilikuwepo, na nilielewa Hench alihisi nini mwaka 1948. Kipimo cha kortisoli ya asubuhi kilionyesha tezi zake karibu hazifanyi kazi kabisa. Alikuwa na upungufu uleule wa Addison, isipokuwa kwake kosa halikuanzia kwenye tezi. Na kwa sababu pituitari yake nayo ilikuwa imelala, hakukuwa na kelele, ngozi haikuwa na amri ya kuongeza weusi. Alama pekee aliyotuachia Addison ilikuwa imefutika.

Daktari alimwambia kitu ambacho naona kingefaa kubandikwa pale Marikiti: usiache ghafla. Ukiwa umepaka muda mrefu, mwili mzima, nenda hospitali useme, upunguziwe polepole. Matangazo ya redio yanasema acha, acha, acha. Hayasemi namna ya kuacha, na mtu anayeogopa aibu ataacha kimyakimya chumbani kwake, kama alivyofanya huyu.

Anameza vidonge asubuhi na alasiri, na kila baada ya wiki kadhaa anapunguza kidogo. Anatembea na karatasi kwenye pochi inayosema akipata ajali au akitapika adungwe haidrokotizoni mara moja. Akipata homa anaongeza dozi. Rangi yake imerudi kwa mabaka, kwanza vifundo vya vidole, halafu masikio, na usoni bado. Buibui na ninja vinamsaidia, anasema, na anacheka. Juzi alipimwa tena. Tezi zimeanza kuamka, nusu ya zinavyotakiwa. Amepewa miezi mingine mitatu.